Anayesimama Kona

“Mjomba, kwa hiyo mimi ni chambo tu?”

Mpwa wangu, ninayemfundisha mpira wa kikapu, uwanjani huniita kocha, na ndiyo maana swali hilo limenikaa moyoni tangu Jumatatu. Nilikuwa nimempanga asimame kona ya kulia, nje ya mstari wa pointi tatu, ili yule senta wa wapinzani, mlinzi wao mrefu wa chini ya ringi anayezima kila leiapu, yaani mtupo wa karibu na ringi, alazimike kumfuata na kumwachia njia anayeingia na mpira. Nilimjibu kwamba chambo huliwa, ilhali yeye ndiye atakayetupa mpira ringini. Aliendelea kufunga kamba za viatu bila kuniangalia.

Usiku nilimwonyesha mchezo wa sita wa mtoano kati ya Los Angeles Clippers na Utah Jazz katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wa Juni 18, 2021. Rudy Gobert, senta wa Jazz aliyekuwa ametoka kutwaa kwa mara ya tatu tuzo ya mlinzi bora wa NBA, aliachiwa amkabe Terance Mann wa Clippers, ambaye hakuhesabiwa kuwa mtupaji wa kutisha. Clippers walitandaza watu wote watano nje. Mwenye mpira alipopenya, Gobert alirudi kuziba ringi, na pasi ikaenda kona. Mann alifunga pointi 39, mitupo saba ikiwa ya pointi tatu, na Clippers, waliokuwa nyuma kwa pointi 25, wakashinda 131 kwa 119. Mpwa wangu alirudisha kipande kimoja mara kadhaa, kisha akasema, “Miguu yake iko tayari kabla mpira haujafika.”

Alhamisi mazoezini alisimama konani magoti yakiwa yamekunjwa, akapokea na kutupa bila kuushusha mpira, hata senta wa kikosi cha pili akaanza kumsogelea, hatua moja, kisha ya pili, na katikati pakafunguka. Nilifurahi mno. Hata hivyo, kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, tunazochezea, tofauti na za NBA, hazimzuii mlinzi asiye na mtu wa kumkaba kukaa chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu. Kwa hiyo senta wa wapinzani wetu wa Jumamosi anaweza kumpuuza mpwa wangu hadi mpwa wangu afunge. Nataka autupe mpira ringini mara tu pasi ya kwanza itakapomfikia, na akikosa, atupe tena.

Kinachonisumbua sasa ni ringi ya upande wa barabarani: bolti moja imelegea, na fundi hapokei simu.