Tulivyofanikiwa kuliita daraja letu kwa jina la Mzee

Daraja la mawe kwenye kijito chetu, kinachomwaga maji yake mto Luiche, lilikamilika Mzee akiwa ameshatangulia mbele za haki. Mafundi walikuwa bado wanaziba viungo kwa saruji, na watu wameshaanza kusema "daraja jipya". Jina la aina hiyo likizoeleka kuling'oa ni kazi, kwa hiyo nikaamua kulisemea mapema.

Sitamtaja kwa jina hapa. Mama mjane aliomba lisomwe palepale darajani, nami naheshimu hilo. Kijijini tulimwita Mzee, ikatosha.

Mzee alikuwa na kamba ya katani yenye fundo kila mita 10, mafundo sita. Akikuta mtu anaanza kufyeka ukingoni, anamsalimia, anamuulizia watoto, kisha anamkabidhi ncha moja ya kamba aishike kwenye maji. Yeye anapanda na ile nyingine mpaka inakazika. Hapo ndipo anapomwambia kwamba kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli yoyote ya kudumu au inayoweza kuharibu mazingira. Alikisema kifungu hicho kwa kichwa. Akaeleza na sababu: ukilima mpaka majini, mvua inabeba udongo, udongo unajaza kijito, unaingia Luiche, unaishia Ziwa Tanganyika na kufunika mawe ambayo samaki wengi wa ziwa lile huyategemea kwa chakula na mazalia. Matete na mikuyu aliitetea. Mikaratusi karibu na chemchemi hakutaka hata kuisikia.

Nilianza na familia. Nikasubiri mama amalize eda, nikaenda na mzee mwenzangu mmoja, tukazungumza naye mbele ya kijana wake mkubwa. Alikubali kwa sharti moja, kwamba tusimwekee cheo wala "mheshimiwa". Tukaandika barua fupi, mama akaweka dole gumba, kijana akasaini. Hii barua iliniokoa baadaye, maana kila ngazi niliyofika swali la kwanza lilikuwa hilohilo: ndugu wa marehemu wameridhia?

Kwenye kitongoji hapakuwa na ubishi. Kazi ilikuwa mkutano mkuu wa kijiji. Nilimwomba mtendaji aiweke kama ajenda kamili, isiwe ya mengineyo, kwa sababu mengineyo hufikiwa jua limeshakuwa kali na akina mama wameshaanza kufunga kanga waondoke. Akakubali.

Wa kwanza kusimama alikuwa mkulima wa bustani, kijana ambaye Mzee alimhamisha kutoka kwenye tuta zake za kabichi. "Mwenyekiti, mimi yule mzee aliniumiza," alisema. "Nililala njaa kwa kamba yake." Baadhi wakamzomea. Niliwaomba wamwache amalize, kwani alikuwa anasema kweli na wenzake wengi walinyamaza na neno hilohilo moyoni. Nikimjibu, sikumsifu Mzee. Niliwakumbusha daraja la magogo lilivyoondoka: maji yalikuja mekundu kwa udongo, yakachimba ukingo uliokuwa mtupu upande wa juu, magogo yakabaki hayana pa kushika. Daraja la mawe nalo limeegemea ukingo uleule. Ukingo ukiliwa, mawe yatabaki yananing'inia, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hawatatujengea jingine mwakani.

Yule kijana aliuliza: basi sisi tulime wapi? Nadhani hilo ndilo lilikuwa swali kubwa la siku ile kuliko jina lenyewe. Mkutano ukakubali wenye bustani wapewe eneo la kijiji juu ya mita 60 na waruhusiwe kuchota maji kwa ndoo kupitia njia moja. Ndipo na yeye akanyoosha mkono kuunga jina.

Mjumbe mmoja alihoji, madaraja si huitwa kwa majina ya marais? Ni kweli tuna Daraja la Kikwete pale Malagarasi na Daraja la Mkapa kule Rufiji. Lakini lile la juu la Tazara, Dar es Salaam, lilipofunguliwa mwaka 2018 lilipewa jina la Mfugale, na yeye alikuwa mhandisi. Hoja ikaishia hapo.

Muhtasari, ukiwa na orodha ya mahudhurio na sahihi, ulipita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani akaupeleka halmashauri ya wilaya. Anayetaka kufanya jambo kama hili aweke nakala zake mwenyewe. Karatasi hupotea mezani bila mtu kuwa na nia mbaya.

Kibali kilipotoka, fundi alichonga herufi kwenye bamba la saruji likiwa bado bichi, akalipachika kichwani mwa daraja upande wa kisimani, maana huko ndiko watu wanakopita wengi. Chini ya jina mama aliomba ziongezwe alama sita ndogo, mfano wa mafundo. Kamba yenyewe anayo mwenyekiti wa watumia maji, na kabla mvua hazijaanza huitumia kupima ukingo kuanzia darajani kwenda juu. Mwaka huu aliyemshikia ncha ya majini ni yule kijana wa kabichi.