Siku moja kwenye matangi ya sato Ilemela, na hesabu ya kuishi Mirihi

Saa 12 asubuhi. Kipimo cha oksijeni kinatumbukizwa kabla ya kulisha. Tuna sato kilo 200 kwenye lita 8,000 za maji yanayozunguka. Tunataka oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Ikisoma 6, maana yake maji yote yana gramu 48 tu. Kwa siku samaki hawa wanavuta takriban kilo 1.6, karibu sawa na watu wawili, kwani mtu mmoja huhitaji gramu 840 hivi. Anayeulizia makazi ya Mirihi tunamwanzishia hapa, roketi baadaye.

Saa 2. Chakula kilo 4, kwa mafungu. Chenye protini asilimia 30 huacha gramu 110 hivi za naitrojeni ya amonia, uchafu wa samaki wenye sumu kwao. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza naitraiti, kisha naitreti, nao wanatumia nusu kilo nyingine ya oksijeni na kuyafanya maji kuwa na asidi. Asidi hiyo tunaituliza kwa kilo moja hivi ya bikaboneti ya soda.

Saa 5. Kusafisha chujio. Plastiki zake zisuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe. Klorini ya bombani inaua bakteria, na kuwakuza upya ni wiki 4 hadi 6.

Viumbe wasioonekana ndio walioisumbua Biosphere 2, jengo la majaribio lililofungwa lisiingize hewa, kule Arizona, Marekani. Watu 8 walifungiwa humo mwaka 1991, na kwa miezi 16 oksijeni ikashuka kutoka asilimia 20.9 hadi 14.5 hivi. Vijidudu vya udongo wenye mboji nyingi viliila, na hewa ya ukaa vilivyotoa ikanywewa na zege la jengo, hivyo mimea haikuipata kuirudisha. Ilibidi oksijeni iingizwe kutoka nje.

Saa 8 mchana umeme umekatika. Acha kulisha, washa pampu ya hewa ya betri, kisha jenereta. Bila hivyo, samaki na bakteria wanaifikisha oksijeni kwenye miligramu 2 kwa dakika 22 hivi. Mirihi, ujumbe wa redio wa kuomba msaada peke yake huchukua dakika 3 hadi 22 kufika duniani, na nafasi nzuri ya kurusha chombo hujirudia kila miezi 26. MOXIE, kifaa cha majaribio cha NASA, kilitengeneza huko gramu 122 za oksijeni kwa jumla, 2021 hadi 2023: mtu mmoja hamalizi nazo saa 4.

Saa 11 jioni tunamwaga lita 400 zilizojaa naitreti na kuvuta nyingine ziwani. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia kurejesha asilimia 98 ya maji mwaka 2023, kazi kubwa mno, lakini bado kinaletewa vipuri na chakula kutoka duniani. Kwa maoni yetu, makazi yoyote ya Mirihi yafungwe kwanza hapa duniani miaka miwili mfululizo, yakiwa na watu ndani, bila kuongezewa lita moja wala kipuri kimoja.