Kumbukumbu ya mfumo wa viazi: nyaraka zitoke kwenye msimbo wenyewe

Mwishoni mwa Juni

Leo nimelifuta faili la Word. Lilikuwa na kurasa kumi na moja, na ndilo lililomwelekeza mwenzangu aliyeko Iringa namna programu yake ya simu itakavyoongea na seva yangu. Mimi niko Uyole, Mbeya, nashughulikia seva. Yeye anashughulikia simu. Mfumo ni wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo huko Umalila: mzigo unafika kituoni, unapimwa, karani anaingiza kwenye simu, mkulima anapata stakabadhi.

Juzi alinipigia. "Kamwene kaka. Seva yako inanikatalia kila mzigo, nahangaika nayo siku ya pili sasa." Tukakaa kwenye simu tukifuatilia mstari kwa mstari. Word ilisema kipengele kinaitwa "kiasi". Kwenye msimbo nilishakiita "uzito" wiki mbili nyuma, na Word sikuigusa. Siku mbili za mtu zimekwenda kwa neno moja nililobadilisha mimi, na yeye alifuata kila nilichomwandikia. Imeniuma.

Nimeamua kwamba maelezo hayatakaa tena mbali na msimbo.

Wiki ya kwanza ya Julai

Baridi ya Uyole mwezi huu haina mchezo, naandika nikiwa na blanketi mabegani.

Seva nimeiandika kwa lugha ya Python, kwa kutumia FastAPI, zana ya kujengea seva. Ukitaja aina ya kila kitu kwenye msimbo, kwamba hii ni namba, hii ni tarehe, hii inaweza kukosekana, FastAPI inasoma yenyewe na kukutolea faili la openapi.json. Humo mna milango yote ya seva, kila mlango unapokea nini na unarudisha nini. Utaratibu huo wa kueleza milango ya seva, OpenAPI, zamani ukiitwa Swagger, ukabadilishwa jina 2016, na ndiyo maana ukurasa wa kuusomea hadi leo unaitwa Swagger UI.

Milango minane kati ya kumi na miwili ilitoka safi. Minne ilionyesha inachopokea, lakini upande wa majibu palikuwa patupu kabisa. Nilipoangalia nikakuta funksheni zake, vile vipande vya msimbo vinavyofanya kazi ya kila mlango, zinarudisha data bila kutaja umbo lake, basi mashine ingesema nini? Nikazipa maumbo zote nne usiku huohuo.

Pengo la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halionekani. Mtandao ukisuasua karani hubonyeza mara mbili, na seva yangu hukataa mzigo uliokwisha kuingia kwa jibu la 409, namba ya kusema kuna mgongano. Faili lilitaja 200, yaani imefaulu, na 422 tu. Hiyo 422 FastAPI inaiongeza yenyewe kwa ajili ya data mbovu, ila makosa ninayoyatupa mimi ndani ya funksheni haiyaoni mpaka niyatangaze juu yake. Mwenzangu angejuaje kwamba 409 ipo, na kwamba kwa karani maana yake ni "tayari umeshaingiza, usirudie"? Nimeyatangaza yote, moja moja.

Katikati ya Julai

Maelezo ndani ya msimbo nimeyaandika kwa Kiswahili. Nilifanya hivyo ili katibu wa kikundi aweze kuyasoma, kwa kuwa kanuni za kituo anazijua yeye. Nikamfungulia ukurasa kwenye simu yangu. Alivaa miwani, akasoma polepole, akasimama kwenye mstari mmoja.

"Mwanangu, hapa mmeandika uzito. Uzito upi? Wa gunia au wa mzani?"

Sikuwa na jibu. Kwa faili, uzito ni namba tu, na 1 ni namba sahihi kwake hata kama karani alimaanisha gunia moja na seva ikaelewa kilo moja. Na hapa kwetu gunia lina historia yake. Lumbesa inashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja kwa mzigo ulio mkubwa kuliko gunia moja. Kikundi kilinunua mzani kwa sababu hiyohiyo, halafu mimi nataka kuurudisha mkanganyiko kwa mlango wa nyuma!

Kipengele sasa kinaitwa uzito_kg. Lazima kizidi sifuri na kisizidi 100, maana kila rekodi ni ya gunia moja na katibu alisema likizidi hapo lifunguliwe, lifungwe upya. Mipaka hiyo nimeiandika mara moja tu, kwenye msimbo. Seva inaitekeleza, na ukurasa wa maelezo unaionyesha bila mimi kuongeza neno. Chini yake nimeweka: "Kilo zilizosomwa kwenye mzani wa kituo. Usikadirie kwa debe." Sentensi hiyo ni ya katibu mwenyewe, nimeichukua kama alivyoisema.

Safari hii mwenzangu alijulishwa kabla jina halijabadilika.

Siku mbili baadaye

Bando liliisha nikiwa kituoni, ukurasa wa maelezo ukafunguka mweupe ingawa seva ilikuwa kwenye laptopu yangu hapohapo. Kumbe FastAPI huvuta mafaili ya Swagger UI kutoka intaneti. Nimeyapakua, sasa yanatoka kwenye seva yenyewe.

Jana na leo

Mwenzangu ameacha kuandika mawasiliano ya seva kwa mkono. Ana zana inayosoma openapi.json na kumtengenezea. Alilalamikia majina, na kwa haki: funksheni moja ilimjia ikiitwa pokea_mzigo_mizigo_post. FastAPI inaunganisha jina la funksheni, anwani na kitendo. Nimebadilisha kanuni hiyo, sasa anapata pokea_mzigo.

Jana usiku nikaweka kizuizi. Kabla msimbo haujapanda GitHub, ghala letu la msimbo mtandaoni, skripti inatengeneza faili upya na kulilinganisha na lile tulilokubaliana. Likitofautiana, inasimamisha kila kitu na kunionyesha mistari.

Asubuhi hii skripti hiyo imenisimamisha mimi. Nilikuwa nimebadilisha "tarehe" kuwa "tarehe_ya_mapokezi" bila kuwaza. Nikampigia Iringa kwanza.

"Nipe hadi jioni kaka, kuna toleo namalizia."

Nasubiri jioni.