Alama kwenye nguzo: Ramadhani ya mafuriko, Delta ya Rufiji 1998

Mvua za El Niño zilizoanza vuli ya 1997 hazikukata. Desturi ya kila mwaka ni vuli kuisha Desemba, Januari na Februari kuwa za jua, kisha masika kuingia Machi. Mwaka ule vuli iliunganisha moja kwa moja. Lakini delta haingoji mvua yake yenyewe ili izame. Maji yanayoijaza hunyesha mbali sana, kwenye milima ya Kilombero, kwenye Luwegu na Ruaha Mkuu, na Kilombero peke yake huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Unaweza kukaa juani pande za Salale, anga nyeupe kabisa, na furiko likawa njiani, siku kadhaa tu nyuma yako.

Tulikuwa katikati ya mfungo. Mpunga uliomwagwa Desemba ulikuwa umefika magotini, na familia nyingi zilishahamia mashambani, kwa sababu mpunga wa delta haulindwi kutoka nyumbani. Nguruwe pori huingia usiku, ndege huanza na alfajiri, na kiboko akipata njia ya kupita atairudia kila siku. Kijiji chenyewe kiko juu ya tuta la mchanga lenye minazi. Mashamba yako chini, kwenye ardhi iliyokuwa mikoko, na huko watu wanakaa juu ya madungu, vibanda vya shambani vilivyoinuliwa juu ya nguzo.

Dungu la kulindia ndege hujengwa kwa miti minne, na kazi huisha kabla ya jioni. Dungu la kukaa na familia mpaka mavuno ni habari nyingine. Letu lilikuwa na nguzo sita za msinzi, mti wa mikoko, zilizokatwa kwa kibali, kila moja na urefu wa meta 5 hivi: meta 1 na nusu ndani ya tope, karibu meta 2 chini ya uchaga (sakafu ya dungu), na iliyobaki ya kubeba paa. Nguzo hizi hazichimbiwi mashimo, maana tope la mikoko hulijaza shimo kabla hujatoa jembe. Unachonga ncha, unaisimamisha maji yakiwa yamekupwa, unafunga mti wa kupinga usawa wa kifua, wawili wananing'inia kwenye ncha za huo mti huku wa tatu akiitikisa nguzo kushoto na kulia. Inazama yenyewe mpaka ifike kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi, ikatae. Hapo mzee mwenye uzoefu huigonga na kusikiliza. Ikiwa imekataa kwa sababu imekaa juu ya mzizi, haifai: ing'oe, usogee hatua moja. Mzizi ukioza baada ya mwaka, kona ile itazama na uchaga mzima utainama upande mmoja pamoja na jiko lake.

Maungio yote ni ya kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Msumari hula kutu kwenye maji ya chumvi, na hata usipokula kutu haulegei pale mto unaposukuma, kwa hiyo mti hupasuka. Kamba hucheza kidogo na kurudi. Juu ya boriti zinalazwa mapau, juu ya mapau fito zilizobanana, kisha jamvi. Jiko ni kasha la miti lililojazwa udongo wa mfinyanzi, unene wa shibiri moja au zaidi, mafiga matatu juu yake. Wanaopunguza udongo ili kupunguza uzito ndio wanaounguza dungu, kwa sababu joto hupenya polepole na fito za chini huanza kufuka usiku watu wamelala.

Mjomba, ndugu yake mama, ndiye aliyekuwa mwenye dungu. Kwenye nguzo ya kona iliyoelekea mtoni alikuwa amekata kovu kwa panga kila baada ya shibiri moja, tangu chini kwenye tope hadi juu karibu na paa. Kila siku maji yalisomwa mara mbili, yakijaa na yakikupwa, na kipande cha ukindu kikafungwa pale yalipoishia. Watu wengi hutazama maji yanapojaa, kwa kuwa ndiyo yanayotisha. Yeye alitazama yanapokupwa.

“Mjomba,” alikuwa akiniita nami hivyo hivyo nikimwita, “yakijaa ni habari za bahari. Yakikupwa ndio mto unasema.”

Hesabu yake iko hivi. Pwani ile, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji ya kujaa na ya kukupwa hupita meta 3 huko nje baharini. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti hupungua sana: hayajai sana wala hayakupwi sana. Maji yakipanda juu ya kawaida lakini yakakupwa mpaka chini kama siku zote, hilo ni bamvua tu, litapita. Alama ya kukupwa ikianza kupanda, leo vidole viwili, kesho shibiri, ujue mto unaleta maji kuliko bahari inavyoweza kuyapokea. Dalili ya pili ni mkondo. Siku za kawaida maji hupanda kwa takribani saa sita na kushuka saa sita, na mkondo hugeuka pamoja nayo. Furiko likiingia, mkondo hauendi tena juu. Maji yanapanda nguzoni huku takataka bado zinaelekea baharini.

Kumi la mwisho la Ramadhani lilipoanza yalikuwa maji mafu, na alama ya kukupwa ilikuwa inapanda. Mkondo ulikuwa umeacha kugeuka. Idd el Fitr ilitarajiwa mwisho wa Januari, na Idd huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Hakuna Fitri inayoangukia maji mafu. Kwa hiyo ilijulikana kabisa kwamba maji yaliyokuwa yamebakiza shibiri mbili kufika kwenye uchaga wakati wa maji mafu yangeongezewa bahari ya bamvua ndani ya wiki. Mjomba alikadiria shibiri tatu hadi nne zaidi. Watoto, wazee na mama mmoja mjamzito wakapelekwa kijijini kwa mtumbwi siku hiyo hiyo, pamoja na mbegu. Mbegu ndiyo mali, na ilitangulia hata kuku.

Waliobaki walipandisha uchaga. Hii ndiyo faida ya nguzo ndefu, na ndiyo sababu ya wenye nguzo fupi kuhama usiku. Boriti mpya hufungwa juu ya uchaga wa zamani usawa wa kiuno, zikizungushiwa kamba mara saba au nane na kukazwa kwa kipande cha mti kinachosokota. Halafu unahamisha fito nusu kwa nusu. Watu na vitu vyote vinakaa upande wa mtoni, fito za upande wa pili zinapanda, kisha mnahamia juu na kumalizia uliobaki. Boriti za chini hazifunguliwi. Zinaziweka nguzo wima. Jiko ndilo gumu, kwa kuwa udongo wake ni mzito kuliko watu wawili. Linavunjwa, udongo unapandishwa kwa ndoo, na linajengwa upya likiwa bichi, na siku mbili za kwanza linatoa mvuke kuliko moto. Kazi yote ilifanywa asubuhi, kabla swaumu haijachosha mikono. Baada ya hapo mtu mzima hakuweza kusimama wima ndani ya dungu, alitembea ameinama chini ya makuti.

Kilichoangusha madungu ya jirani kilikuwa magogo. Furiko la kutoka bara hushuka na miti mizima yenye mizizi, na gogo moja likilala kwenye nguzo mbili hukusanya majani na nyasi mpaka likawa ukuta unaosukumwa na mto wote. Dawa yake ni mti mrefu unaoelea upande wa juu wa mkondo, umefungwa mshazari kwa kamba ndefu, ili gogo likifika liteleze pembeni. Usiku lazima mmoja akae macho na upondo, mti mrefu wa kusukumia.

Mtumbwi nao una adabu yake ya kufungwa. Ukiufunga kwa kamba fupi yenye fundo gumu, maji yakipanda pua inavutwa chini na mtumbwi unajaa maji, yakishuka unaning'inia. Kamba hupigwa kitanzi kipana kinachoteleza juu na chini ya nguzo. Kafi, upondo na upo wa kufulia maji hubaki ndani muda wote, kwani siku ya kuvihitaji hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuvitafuta.

Maji yamejaa kila mahali, na ya kunywa hakuna. Kwa kweli ndani ya furiko mto wa kaskazini ni mtamu, maana maji ya bara huisukuma chumvi nje. Uchafu ndio tatizo. Vyoo vya shimo vilikuwa vimefurika kijijini na mashambani, na mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimeshasambaa nchini. Siku za kawaida maji ya mtoni huchotwa mwisho wa kukupwa, ndipo yanapokuwa na chumvi kidogo kuliko wakati wote. Anayetaka kuhakikisha hunawa kwa sabuni: isipotoa povu, arudi baadaye. Wakati wa furiko kanuni hiyo haitoshi, kwani kinachoshuka ni pamoja na cha majirani wa juu. Tulitegemea mvua. Makuti hutoa maji ya rangi ya chai yenye ladha ya moshi, hivyo tulitandaza turubai la mraba wa meta 2 kwa 2, limeinamishwa kona moja juu ya ndoo. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimeta 10 ikatoa lita 40, ndoo mbili za kawaida, zinazowatosha watu wanne kwa kunywa na kupika siku mbili wakibana. Ya mtoni yaliyolazimu kutumika yalitulizwa usiku kucha, yakamiminwa bila kutibua tope la chini, kisha yakachemshwa mpaka yatokote vizuri.

Mtu mmoja wa dungu la pili aliharisha. Alipewa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa si vya kulundika, akinywa kidogo kidogo bila kukatiza hata alipotapika. Chumvi ikizidi hapo inadhuru. Alipelekwa kijijini maji yalipogeuka na akapona.

Malaria ilikuja baadaye, na hivyo ndivyo inavyokuja. Maji yanayokwenda kasi husomba viluwiluwi. Mbu wengi huzaliana kwenye vidimbwi vinavyobaki furiko likiondoka. Dawa wakati ule ilikuwa klorokwini, ambayo iliwawasha watu wengi mwili mzima hadi wengine wakaiacha kabla ya kumaliza dozi. Juu ya dungu kinga ilikuwa chandarua na moshi wa makumbi ya nazi. Moshi unawafukuza mbu wa saa mbili usiku. Wa alfajiri, jiko limeshazimika, wanakuta mlango wazi. Nyoka, panya na siafu nao hupanda nguzo kukimbia maji. Kwa siafu tulifunga matambara yaliyolowekwa mafuta ya taa kwenye kila nguzo na kuyaloweka upya kila siku. Kwa nyoka hakuna dawa zaidi ya kupiga fito kwa fimbo kabla ya kukanyaga gizani.

Bamvua la Idd lilifikia kilele chake saa kumi na moja jioni na tena alfajiri. Maji yalipita uchaga wa zamani kwa shibiri moja na vidole kadhaa, pungufu ya makadirio ya juu, nadhani kwa sababu ukingo wa ng'ambo ulikuwa umezama na maji yakatawanyika. Swala ya Idd ilisaliwa kijijini bila sisi.

Shambani hasara haikuwa sawa. Mpunga ambao ncha zake zilibaki nje ulisimama. Uliozama wote unavumilia wiki moja, mbili kwa shida, na maji ya tope huuwahisha kufa kwa kuwa tope hupaka majani na mwanga haufiki. Sehemu ya bondeni ilikufa yote. Lakini furiko lilikuwa limeosha chumvi na kuacha udongo mpya wa kijivu, unene wa vidole vitatu mahali pengine, na mashamba ya zamani yaliyokuwa yamechoka yakapata nguvu. Pale bondeni tulipandikiza upya miche ya kitalu cha juu ya tuta. Ilisubiriwa ifike urefu wa mkono, kwa sababu kaa hukata mche mfupi kwenye shina na kuuburuta shimoni, na huuacha ulioanza kukomaa. Kila shimo liliwekwa miche minne au mitano, ili wakila miwili libaki la maana.

Jambo moja lilikatazwa kabisa: kuchimba mifereji ya kukausha bondeni haraka. Tope la mikoko lina harufu ya yai viza, na likikauka hewani hugeuka kuwa tindikali inayochoma mizizi kwa misimu kadhaa. Kuna mtu alichimba hata hivyo. Maji ya mfereji wake yaligeuka rangi ya kutu, na pale hapakuota kitu ila majani magumu ya chumvini.

Siku hizi kuna Bwawa la Julius Nyerere huko juu, lililoanza kujazwa Desemba 2022, na wapo wanaosema mambo ya alama kwenye nguzo yamepitwa. Aprili 2024 Rufiji ilifurika tena. Mjomba hakuwepo, lakini vijana waliobaki na madungu yale walikata makovu kwenye nguzo zao, kuanzia chini kwenye tope, na ukindu wa maji ya kukupwa waliufunga kwanza.