Polepole kwa Gari-Nyumba, Kutoka Natchez hadi Nashville

Nimekwishaombwa na ndugu kadhaa wanaoishi Marekani niwaelekeze njia inayofaa kwa gari-nyumba, nami huwajibu bila kusita kuwa ni Natchez Trace Parkway. Inaanzia mji wa Natchez, jimboni Mississippi, inakata pembe ya Alabama na kuishia karibu na Nashville, Tennessee, mwendo wa maili 444, yaani takriban kilometa 715. Malori ya biashara hayaruhusiwi kuipita, mabango ya matangazo hayapo, na mwendo wa juu kabisa ni maili 50 kwa saa. Mwenye haraka ataiona njia hii kuwa ni adhabu, lakini sisi marafiki tuliotoka miji mbalimbali tulitaka nafasi ya kuzungumza, na mazungumzo hayaendi vizuri pale dereva anapobanwa na malori kushoto na kulia.

Kituo cha mafuta ndani ya barabara yenyewe hakuna, kwa hiyo tulijaza tangi Natchez, tukajaza tena Tupelo, mji aliozaliwa Elvis Presley mwaka 1935. Tulilala katika kambi za Rocky Springs, Jeff Busby na Meriwether Lewis, ambazo hazitozi ada wala hazipokei nafasi za kuwekwa mapema. Anayewahi ndiye anayepata. Umeme wa kuchomeka gari haupo, na hilo lilitufaa, kwa sababu jioni kila mtu alitoka nje badala ya kujifungia na simu yake. Mwenzetu wa Tanga alichukua jukumu la chai. Aliponda tangawizi kwa kitako cha kikombe juu ya meza ndogo ya kukunja, akaichemsha pamoja na maziwa kwenye jiko la gesi la plati mbili, na kila asubuhi kabla hatujang'oa nanga alikagua komeo za makabati moja baada ya jingine, kwa kuwa sufuria isiyofungiwa huanguka kwenye kona ya kwanza.

Mahali palipotushika zaidi ni karibu na maili ya 41 kutoka Natchez, panapoitwa Sunken Trace. Hapo njia ya kale ya miguu, ambayo barabara hii inaifuata, imezama ndani ya udongo laini, kingo zake zimepanda juu ya kichwa cha mtu mzima, na mizizi ya miti inaning'inia pande zote mbili. Waliopita humo kwanza ni wenyeji, wakiwemo Wanatchez, Wachoctaw na Wachickasaw. Baadaye wakaja mabaharia wa mitoni walioteremsha bidhaa kwa mashua kupitia Mto Mississippi, wakauza mpaka mbao za mashua hizo, kisha wakarejea kwao kaskazini kwa miguu. Walipitishwa humo pia Waafrika waliofungwa minyororo, wakipelekwa kwenye soko la watumwa la Forks of the Road, kule Natchez. Sisi tuliokulia pwani, tunaoijua historia ya Bagamoyo, hatukuweza kupapita kama watalii tu. Tulisimama kwa muda mrefu, na rafiki yetu wa Mombasa akawaombea dua marehemu hao.

Kwenye kinamasi cha maili ya 122 miti imesimama ndani ya maji, nawe unapita katikati yake juu ya daraja la mbao. Nusu saa inatosha kwa mzunguko wote, ila sisi tulikaa zaidi tukiwasaka mamba kwa macho.

Kwa anayepanga safari, ningependekeza Aprili au Oktoba, maana joto la kiangazi la Mississippi lina unyevunyevu mwingi na kulala ndani ya gari bila kipoza hewa ni tabu. Apime pia urefu wa gari lake kabla ya kuondoka: gari pamoja na kinachovutwa nyuma havitakiwi kuzidi futi 55.