Siku moja karakana: kilo za kwenye kulabu na kilo za juu ya paa

Saa 1:00 asubuhi ninafungua karakana yetu hapa Arusha, na kazi ya kwanza ni kulala chini ya Land Cruiser inayoelekea Ziwa Natron ili nisome kibati cha kulabu ya kuvutia tela. Kibati kinataja kilo 2,500 za kuvuta na kilo 150 za kuikandamiza kulabu kutoka juu. Namba hii ya pili ndiyo wengi huiruka, kwa hiyo humsomea dereva kwa sauti.

Saa 3:00 tunapima pua ya tela, ambalo jana lilipimwa likawa na kilo 1,200 pamoja na mzigo wake. Tunalisimamisha sawasawa kama litakavyofungwa, pua ikikaa juu ya gogo fupi lililo kwenye mizani ya kupimia watu, na namba inasimama kwenye 35.

“Fundi, si ndiyo nafuu, kulabu haichoki?”

“Hapana, kaka. Pua nyepesi namna hii hulifanya tela liyumbe, na likishika mwendo huliyumbisha na gari.”

Tunasogeza jenereta na madumu ya maji mbele ya ekseli, kidogo kidogo, mpaka tunapata kilo 120, yaani asilimia 10 ya uzito wa tela. Kisha ninamchorea hesabu sakafuni kwa chaki: kulabu iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili kuna mita 3, hivyo kilo 120 huielemea ekseli ya nyuma kwa kilo 168, kwa sababu kilo 48 zinanyanyuliwa kutoka kwenye magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokata kona. Kilo hizo 120 ni mzigo wa gari, zinahesabiwa pamoja na abiria.

Saa 8:00, baada ya ugali, tunahamia kwenye paa. Keria imeandikwa kilo 150, lakini kitabu cha gari kinaruhusu 100, na ninafuata namba ndogo. Keria yenyewe ina kilo 40, hema 60, nafasi imekwisha. Dereva anaomba madumu mawili ya lita 20 yapande, nami ninakataa, kwa kuwa uzito wa juu hulilaza gari kwenye kona na mawe ya njia ile huupigisha paa kwa nguvu zaidi.

Saa 11:00 jioni ninakaza nuti kwa spana yenye kipimo, kisha ninaandika “120” kwa rangi nyeupe kwenye pua ya tela. Kesho alfajiri atapita nizikaze tena, kwani boliti mpya hulegea baada ya mwendo wa kwanza.