Kompyuta ya kijivu

Kompyuta yangu ya kazini haina rangi tangu wiki iliyopita. Mwenzangu alipita nyuma ya kiti changu akasimama: "Dada, kioo kimekufa?" Hakijafa, nimeondoa rangi mwenyewe. Kwenye Windows unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, unaruhusu vichujio vya rangi na njia yake ya mkato. Baada ya hapo ni Ctrl, kitufe cha Windows na C kwa pamoja. Ukirudia, rangi zinarudi. Ajabu ni kwamba nikipiga picha ya skrini nikamtumia mwenzangu huyo, kwake inafika na rangi zake zote.

Nilichokuwa nakikimbia ni vile viduara vyekundu vya arifa. Kikitokea kimoja pembeni, situlii mpaka nikibonyeze. Sasa ni doa tu. Jicho letu huona kijani kuwa king'avu kuliko nyekundu au bluu, na kompyuta hufuata hesabu hiyohiyo inapogeuza rangi, kwa hiyo wekundu uliokuwa unaniita umezama kwenye kijivu kilichokoza. Zile picha za YouTube za watu walioachama midomo nazo zimepooza kama chai iliyolala.

Lakini rangi nyingine zilikuwa zinafanya kazi. WhatsApp, kwa mfano. Nimemwandikia fundi wa paa, tiki mbili zipo, ila kasoma au hajasoma, siwezi kujua, maana bluu na kijivu sasa ni kitu kimoja. (Fundi mwenyewe, namshuku, analipenda sana hilo.) Kwenye Excel nilizoea kupaka kijani waliolipa na nyekundu wanaodaiwa, wote wakawa kijivu, wadeni na waungwana. Nimeongeza safu ninayoandika "amelipa" kwa maneno, na kusema kweli ilipaswa iwepo zamani.

Kinachonishinda ni maandishi. Tetesi za usajili zinasomeka vizuri tu bila rangi, na maoni ya mashabiki chini yake ndiyo kabisa. Kijivu kimenipunguzia picha na video. Umbea umebaki palepale.

Halafu kuna mpira. Juzi nilifungua marudio ya Simba na Yanga, wekundu na kijani vyote vikawa kijivu, nikaona watu ishirini wa timu moja wakigombania mpira wao wenyewe. Watani wakikutana tena, rangi narudisha bila kujadiliana na mtu.